Lahaja Mahakamani: Uhakiki wa Matumizi ya Kibajuni kama Ushahidi wa Asili ya Wakimbizi wa Somalia

Ikisiri

Wabajuni waliokimbia vita vya Somalia tangu mwaka 1991 na kuomba hifadhi Ulaya wamepimwa kwa lahaja yao. Husailiwa kwa simu, sauti zao huchambuliwa, kisha hutolewa maoni kwamba usemi wao ni wa Somalia au ni wa Kenya. Makala hii inahakiki kipimo hicho kwa kuzingatia historia ya wasemaji, uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Uingereza wa mwaka 2014, na hali ya Kibajuni chenyewe. Hoja yake ni kwamba udhaifu mkubwa wa kipimo umo katika dhana ya lahaja ambayo kinaiegemea, na kwamba dhana hiyo imelelewa katika taaluma yetu ya Kiswahili.

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya sekondari aliyefundishwa Kiswahili vizuri anaweza kuzitaja lahaja zetu huku amefumba macho. Chimiini, Barawa. Kitikuu au Kibajuni, kuanzia Kismayu hadi kaskazini ya Lamu. Kiamu, Lamu. Kimvita, Mombasa. Kila jina linafuatwa na mahali, na mtihani hutaka vyote viwili. Orodha hii tumeirithi. Sacleux aliandika sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, Stigand akafuata mwaka 1915, na Chiraghdin na Mnyampala wakatuwekea historia ya lugha kwa Kiswahili chenyewe mwaka 1977. Wote walifanya kazi ya thamani, na mimi ni mmoja wa waliosomea humo. Lakini orodha ya majina na mahali ina sharti lake lisilotamkwa, nalo ni kwamba watu wako walipo. Vita vya Somalia vililivunja sharti hilo mwaka 1991, na sisi tumeendelea kuifundisha orodha kana kwamba hakuna aliyehama.

Jambo hili lisingenishughulisha sana kama lingebaki darasani. Halikubaki. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, serikali kadhaa za Ulaya zimekuwa zikitumia uchambuzi wa lugha kuamua kama mwomba hifadhi anatoka alikosema anatoka. Kwa Mbajuni wa Somalia swali huwa jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, Kiswahili anachokisema ni cha visiwa vya Kismayu au ni cha Kenya? Jibu moja humpatia hifadhi. Jibu la pili humfanya mwongo, na anayeonekana mwongo kuhusu nchi yake haaminiwi tena kuhusu lolote lililompata humo.

Wasemaji na mpaka uliowavuka

Wabajuni ni wavuvi na mabaharia wa visiwa vilivyopangana kando ya bara, kutoka Kismayu kuja kusini: Koyama, Chovai, Chula na vingine vidogo, kisha Ras Kamboni, kisha Kiunga, Kiwayu, Ndau, na vijiji vya kisiwa cha Pate kama Kizingitini na Faza. Mpaka wa Somalia na Kenya unapita katikati yao. Tuseme kwa usahihi zaidi kwamba mpaka ndio uliowafuata. Nchi ya Jubaland, pamoja na Kismayu, ilitawaliwa na Waingereza pamoja na Kenya hadi mwaka 1925, walipoikabidhi kwa Italia. Mzee aliyezaliwa Chula mwaka 1920 alizaliwa chini ya bendera moja na mzee wa Kizingitini, na kabla ya hapo wazazi wao walimtambua Sultani wa Zanzibar. Ndoa, madeni, nyavu na mitepe havikuupokea mpaka kwa siku moja.

Watu hawa hawakutulia hata kabla ya 1991. Wakati wa vita vya shifta, kati ya 1963 na 1967, vijiji vya Wabajuni vya pwani ya bara upande wa Kenya vilishambuliwa, na wakazi wake wengi wakahamia visiwani, Malindi na Mombasa. Upande wa Somalia, mwaka 1972 Kisomali kilipewa hati ya Kilatini na kufanywa lugha ya serikali, kisha kampeni za kusoma na kuandika zikaenea mijini na vijijini. Kibajuni kilibaki lugha ya nyumbani na baharini. Hakikuwa na shule, wala kitabu, wala redio ya kukisanifisha. Mtu wa kisiwani alijifunza Kisomali kwa kadiri ya shughuli zake na watu wa bara, na wako ambao shughuli hizo zilikuwa chache, hasa wanawake na watoto. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye tutawaona waamuzi wakishangaa kwamba Msomali hajui Kisomali.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Kismayu iligombaniwa na makundi ya wapiganaji mara nyingi. Katika nchi ambamo usalama wa mtu ulitegemea ukoo wenye bunduki, Wabajuni, kama walivyokuwa watu wa Barawa na Wabantu wa bonde la Juba, hawakuwa na ukoo wa namna hiyo. Hata amani ilipoanza kutafutwa, mkutano wa Arta nchini Djibouti mwaka 2000 uligawa madaraka kwa hesabu ya nne na nusu. Koo nne kubwa zilipewa fungu sawa kila moja, na jamii zote ndogo kwa pamoja zikapewa nusu ya fungu. Wabajuni wamo ndani ya nusu hiyo.

Walikimbia kwa mashua kuja Lamu na Mombasa. Wengi walihifadhiwa katika kambi za pwani ya Kenya, ikiwemo ya Jomvu, hadi kambi za pwani zilipofungwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Baadhi wakarudishwa visiwani, baadhi wakatawanyika mitaani Mombasa, na baadhi wakatafuta njia ya kwenda mbali zaidi.

Kipimo na wapimaji

Utaratibu wa kipimo hauna siri kubwa. Mwomba hifadhi huongea kwa simu, mara nyingi kwa chini ya nusu saa, na mtu asiyemjua. Mazungumzo hurekodiwa. Mchambuzi, ambaye kwa kawaida ni mzawa wa lugha inayohusika na si lazima awe mwanaisimu, husikiliza na kutoa maoni, kisha mwanaisimu wa kampuni huyapitia na kuandika ripoti. Ripoti humalizika kwa kukadiria kiasi cha uhakika.

Wanaisimu wenyewe walitoa tahadhari mapema. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu 19 kutoka nchi mbalimbali lilitoa mwongozo kuhusu kazi hii. Kiini chake ni kwamba lugha haiwezi kuthibitisha uraia wa mtu. Kinachoweza kuonyeshwa, ikiwa data inatosha na mchambuzi ana utaalamu, ni jamii ya wasemaji ambamo mtu huyo alilelewa kilugha. Hizo ni habari mbili tofauti. Ya kwanza ni ya sheria, ya pili ni ya isimujamii, na ripoti nyingi huanza na ya pili zikaishia kwa ya kwanza bila kumwonyesha msomaji ni wapi zilipovuka.

Mwaka huohuo wa 2004 baraza la rufaa la uhamiaji nchini Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo juu ya swali hasa la kama Mbajuni anatarajiwa kujua Kibajuni. Mwaka 2010, katika kesi ya mwomba hifadhi aliyejitambulisha kuwa Mbajuni, baraza la ngazi ya juu lilizipa uzito mkubwa ripoti za kampuni moja ya Sweden. Uamuzi huo ukawa kama kanuni. Ndipo kesi nyingine, ya waombaji wawili waliojitambulisha kuwa Wabenadiri wa Somalia, ilipofika Mahakama ya Juu, na mwezi Mei 2014 Jaji Carnwath akaandika uamuzi ambao nadhani kila mtafiti wa lahaja za Kiswahili angepaswa kuusoma. Mahakama haikuzikataa ripoti hizo. Ilisema zinaweza kupokelewa, hata kama majina ya wachambuzi yamefichwa, mradi kuna tahadhari. Lakini ilisema kwamba baraza la 2010 lilikwenda mbali mno katika kuzipangia uzito, kwamba kila ripoti ipimwe kwa data na utaalamu ulio ndani yake, na kwamba wachambuzi hawakuonyesha msingi wa kutoa maoni juu ya mambo yaliyo nje ya lugha, kama vile mwombaji anaijua nchi yake kiasi gani.

Majaji walifika hapo kwa njia ya kisheria, wakiuliza nani ni mtaalamu wa nini. Wao hawakuwa na kazi ya kuuliza kama dhana ya lahaja iliyotumika ni sahihi. Kazi hiyo ilikuwa yetu.

Wachu na watu

Kibajuni kina alama zinazokitenganisha waziwazi na lahaja jirani. Inayojulikana zaidi ni sauti ya ch mahali ambapo Kiswahili sanifu kina t: watu huwa wachu, na Watikuu hujiita Wachikuu. Mchambuzi anayetafuta Kibajuni huisubiri sauti hii. Akiipata, anaridhika. Akiikosa, anaandika kwamba usemi unaelekea Kenya.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa alasiri moja barazani kwa mzee mmoja Mbajuni katika mtaa mmoja wa Mombasa. Alikuwa akinisimulia habari za uvuvi wa kasa, kwa Kimvita kilichonyooka, mimi nikimwita mzee wangu na yeye akiniita mwanangu. Mjukuu wake akatokeza mlangoni kuuliza jambo. Mzee akamjibu kwa Kibajuni, akisema wachu, kisha akanigeukia na kuendelea na hadithi yake, na katika sentensi iliyofuata akasema watu. Haikupita hata dakika moja. Nilipomuuliza, alicheka. Alisema mgeni haongeleshwi vile, ni kukosa adabu kumtilia mtu maneno asiyoyazoea.

Ningependa wasomaji wa ripoti za lugha wakae na jibu hilo. Mzee alikuwa akieleza, kwa lugha ya adabu, yale ambayo sisi tunayaita diglosia na kujisogeza kwa msikilizaji. Kibajuni ni lugha ya wa ndani. Mbajuni anapokutana na mtu wa nje, na hasa mtu wa nje mwenye mamlaka, husogea kuelekea Kiswahili ambacho mtu huyo atakielewa. Sasa fikiria usaili. Msaili anauliza kwa Kiswahili sanifu, mkalimani naye pengine ni wa Nairobi au Dar es Salaam, na msailiwa anajua kwamba maisha yake yamo katika kueleweka. Anafanya kile ambacho kila mtu mwenye adabu na akili angefanya: anasogea. Halafu kusogea huko kunarekodiwa na kuitwa Kiswahili cha Kenya.

Wapo wachambuzi wanaolijua hili na humwomba msailiwa aongee kama anavyoongea nyumbani. Ni afadhali, ila haitoshi. Kuamriwa na mgeni kwa simu kuongea lugha ya ndani ni amri inayojipinga yenyewe. Wengine huanza kuigiza Kibajuni, wakatilia ch hata pasipostahili, na mwigo huo husikika. Hapo ripoti itasema kwamba msailiwa anajifanya Mbajuni.

Mtoto wa Chula

Kwa ajili ya hoja, natunga maisha ya mtu mmoja kutokana na tarehe ambazo hazina ubishi. Msichana amezaliwa Chula mwaka 1986. Vita vinaanza akiwa na miaka mitano, na mashua ya mjomba wake inawaleta Mombasa. Anakulia kambini hadi 1997, anapofikisha miaka 11. Amecheza na watoto wa Mombasa, ameuza maandazi kwa wapita njia, amesikiliza redio ya Kenya. Kambi inafungwa, wanarudishwa kisiwani. Mwaka 2008 Kismayu inaangukia mikononi mwa al-Shabaab, naye anakimbia tena, safari hii hadi Uingereza, akiwa na miaka 22.

Mchambuzi mwaminifu na mwenye sikio zuri atasema nini akimsikiliza? Atasema kwamba matamshi yake yana athari kubwa ya Kimvita, kwamba msamiati wake wa mambo ya mjini ni wa Kenya, kwamba alama za Kibajuni zimo ila hazijitokezi kila mara. Kila neno la matokeo hayo litakuwa kweli. Na hitimisho kwamba yeye si wa Somalia litakuwa uongo. Hili ndilo linalonifanya niseme kwamba tatizo si masikio ya wapimaji tu, ingawa masikio mabaya nayo yapo. Hata kipimo kikifanywa vizuri kabisa, kinauliza mtu alilelewa wapi kilugha, wakati vita ndivyo vilivyoamua alelewe wapi.

Itasemwa kwamba wapo Wakenya, Wabajuni na wasio Wabajuni, wanaojidai Wasomali ili wapate hifadhi. Ni kweli wapo, na serikali ina haki ya kuchunguza. Sidai kwamba lugha haisemi lolote. Derek Nurse, aliyekusanya data ya Kibajuni kabla ya vita na baadaye akajishughulisha na kesi hizi, amefanya kazi ya kutenganisha yale ambayo lugha inaweza kuonyesha na yale ambayo haiwezi, na kazi hiyo ni mfano. Mtu anayedai ameishi Koyama maisha yake yote bila kutoka, na hana hata chembe ya Kibajuni katika usemi wake wa ndani, ana maswali ya kujibu. Lakini kipimo kina nguvu kwa yule ambaye hakuhama na udhaifu kwa yule aliyehama, na waombaji hifadhi ni watu waliohama.

Kuna kinaya kingine upande wetu wa mpaka. Wabajuni wa Lamu, raia wa Kenya kwa vizazi, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wanapokwenda kuomba kitambulisho huhojiwa kuliko wenzao, huulizwa babu zao walizikwa wapi, huhisiwa kuwa Wasomali. Kwa hiyo usemi uleule unaweza kumfanya mtu awe Msomali mbele ya karani wa Lamu na Mkenya mbele ya karani wa London. Sijapata mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba lahaja haibebi uraia. Makarani ndio wanaoubandika, kila mmoja kwa faida ya dawati lake.

Sehemu yetu

Nimewahi kusikia katika mikutano kama huu kwamba haya ni mambo ya mawakili. Sikubaliani. Neno Kiswahili cha Kenya, ambalo ripoti hulitumia kana kwamba ni jina la lahaja, halimo katika orodha yoyote ya lahaja tuliyonayo. Je, ni Kimvita? Ni Kiamu? Ni Kiswahili cha bara? Ni Kibajuni cha Kizingitini, ambacho ni cha Kenya na ni Kibajuni pia? Ilikuwa kazi yetu kusema kwa sauti kwamba neno hilo halina maana ya kiisimu. Tulinyamaza, kwa sehemu kwa sababu hatukuwa na data ya kusemea. Maelezo mengi ya Kibajuni yaliyopo yanatokana na usemi uliokusanywa kabla ya vita, kutoka kwa wazee waliochaguliwa kwa sababu lugha yao haikuchanganyika. Mwenye lugha iliyochanganyika aliachwa nje ya daftari la mtafiti. Ni yuleyule ambaye leo anakataliwa na ripoti kwa sababu haufanani usemi wake na daftari.

Hali ya Chimiini inafanana na hiyo, ingawa bahati yake imekuwa afadhali. Lugha ya Barawa imepata kamusi kubwa ya Kisseberth na Abasheikh ya mwaka 2004, na mkusanyo wa tenzi zake za dini uliohaririwa na Vianello, Kapteijns na Kassim mwaka 2018. Hizi ni hazina. Hata hivyo zote mbili zinatuonyesha zaidi Barawa iliyokuwepo. Chimiini cha wajukuu waliozaliwa Mombasa, London na Marekani bado hakijapata mwandishi wa kukiandika kama lugha hai yenye haki ya kuwa ilivyo, bila kuitwa mabaki.

Ninachopendekeza ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa nyingi: kurekodi usemi wa waliohama, watu wa umri wote, katika mazungumzo ya ndani na ya nje, na kueleza kwa kila msemaji aliishi wapi na kwa miaka mingapi. Data ya namna hiyo ingemwezesha shahidi mtaalamu kuieleza mahakama jinsi Kibajuni cha mtu aliyepita Jomvu kinavyosikika, badala ya kukilinganisha na cha mzee aliyerekodiwa Chula zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Kazi hii ina hatari ambayo sijui bado namna ya kuimaliza. Kanda itakayomsaidia mmoja inaweza kumwangamiza mwingine, kwa maana sauti zilezile zinaweza kutumiwa na wapimaji kama mizani mpya, ngumu kuliko ya zamani. Wasemaji wanalijua hili kuliko sisi. Katika mazungumzo niliyoyarekodi Mombasa, wanawake wawili waliniomba nizime mashine walipofika kwenye majina ya visiwa walivyotoka, na nikazima. Kanda zilizobaki nimezihifadhi bila majina, kwa namba tu, na nimekubaliana na kila msemaji kwamba nakala haitatoka mikononi mwangu, kwa mwanafunzi wala kwa wakili, kabla ya yeye au mtoto wake kuulizwa upya.